Bei ya Maji Ikitaka Kupanda Morogoro: Jinsi ya Kujiandaa kwa Mkutano wa Taftishi

Tangazo la mkutano wa taftishi huwa fupi. Hutoka gazetini, pengine husomwa redioni au hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: mamlaka ya maji imeomba kurekebisha bei, EWURA, inayodhibiti huduma za nishati na maji, inawakaribisha wananchi kutoa maoni. Wanaolisikia wengi hufanya moja kati ya mawili. Wapo wanaosema wakubwa wameshapanga, tukienda tusiende itapanda. Wapo wanaokwenda, wakashika kipaza sauti, wakaeleza maisha yalivyo magumu, wakapigiwa makofi na kurudi nyumbani. Miezi michache baadaye bei inapanda, na bomba lililokuwa likipasuka kila masika linaendelea kupasuka.

Maelekezo haya ni ya mkazi wa Manispaa ya Morogoro anayetaka kuingia kwenye ukumbi ule na kutoka na kitu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: sikufundishi kupinga kila ongezeko. Bei ikikaa chini ya gharama kwa miaka mingi, anayefaidi ni yule mwenye bomba uani, tena kwa muda tu, kwa sababu mabomba yanaozea ardhini na mtambo unachakaa. Asiye na bomba haonji unafuu huo hata siku moja, yeye ananunua kwa ndoo. Lakini kukubali bei ipande kwa ahadi ya mdomo nako ni kosa. Kinachotakiwa ni kuifunga bei kwenye bomba: kila shilingi inayoongezwa ijulikane inakwenda kufanya kazi gani, mtaa gani, kufikia lini, na iandikwe ndani ya amri ya EWURA, siyo kwenye hotuba ya ufunguzi.

Anza kwa kujua kinachozeeka ni kitu gani. Maji mengi ya mji huu yanatoka Bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye Mto Ngerengere na kukamilika katika miaka ya 1980, wakati Kihonda na Mkundi hazijawa kama zilivyo leo. Yanasafishwa kwenye mtambo wa Mafiga. Sehemu nyingine inatoka mito inayoshuka moja kwa moja kutoka Uluguru, kama Mto Morogoro unaolisha mtambo wa Mambogo. Sensa ya 2012 ilikuta watu 315,866 katika Manispaa. Ya 2022 ikakuta 471,409. Yaani kwa kila wakazi wawili wa mwaka 2012, miaka kumi baadaye wamekuwa watatu, nao wengi wamejenga pembezoni, Lukobe, Mkundi, Tungi, ambako bomba lazima livutwe mbali na mara nyingi lipande mwinuko.

Bwawa lenyewe limepungukiwa. Mvua ikinyesha milimani, udongo wa mashamba ya kwenye miteremko unashuka na maji na kutuama Mindu, hivyo nafasi ya kuhifadhi maji inapungua mwaka hadi mwaka. Udongo huo huo unapandisha gharama mtamboni. Maji yakija mekundu wakati wa masika, shabu ya kuyatuliza inatumika nyingi zaidi, vichujio vinaoshwa mara nyingi zaidi, na kuviosha ni kwa maji yaliyokwisha kusafishwa. Ukimsikia ofisa wa mamlaka akitaja gharama za madawa, hilo ndilo analozungumzia, na ni la kweli.

Halafu kuna mabomba. Bomba la zamani likipasuka fundi analifunga, likipasuka tena mita kumi mbele analifunga tena, na kila pasuko lina maji yaliyomwagika kabla fundi hajafika. Mgao nao unaliumiza bomba. Linapokauka kisha maji yakafunguliwa ghafla, kishindo kinapiga kwenye viungo na kuvilegeza, na bomba lililo tupu linaweza kufyonza maji machafu ya ardhini kupitia nyufa. Kwa hiyo mgao si kero ya mteja peke yake, ni sababu mojawapo ya mabomba kufa mapema.

Sasa utenganishe miradi mikubwa na bei ya kila mwezi, maana ukumbini huchanganywa. Mitambo ya Mafiga na Mambogo ilikarabatiwa kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa MCC, uliotekelezwa nchini kati ya 2008 na 2013. Kwa sasa Serikali ina makubaliano na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, AFD, kwa ajili ya kuboresha maji ya Morogoro, na kuinua tuta la Mindu ni sehemu ya mradi huo. Kazi za namna hii hazilipwi na ankara yako ya mwezi huu. Ankara inatakiwa kubeba umeme wa pampu, madawa, mishahara, matengenezo, kubadilisha mabomba na mita zilizochoka, na kuvuta mtandao kidogo kidogo. Hivyo swali lako la kwanza ukumbini liwe hili: ongezeko mnaloomba ni la kuendesha, la kukarabati, au la kurejesha mkopo? Taja kiasi cha kila kimoja. Wakijibu kwa ujumla, rudia swali. Jibu la swali hili ndilo linaloamua mengine yote.

Namna mchakato unavyokwenda ni rahisi kuelewa. MORUWASA, mamlaka ya maji ya Morogoro, haijipangii bei. Inaandika maombi na kuyapeleka EWURA pamoja na mpango wake wa biashara. EWURA inatangaza, inakaribisha maoni ya maandishi, inaitisha mkutano wa taftishi, inasikiliza Baraza la Ushauri la Watumiaji, yaani EWURA CCC, kisha bodi yake inatoa amri ya bei. Mara nyingi amri hutaja bei za zaidi ya mwaka mmoja, na huja na masharti ambayo mamlaka inapaswa kuyatimiza. Masharti hayo ndiyo mlango wetu. Bei yenyewe inapigiwa hesabu na wataalamu na si rahisi kuisogeza kwa kelele, lakini sharti zuri lililopendekezwa na mwananchi kwa maandishi lina nafasi ya kuingia kwenye amri kama lilivyo.

Tangazo likitoka, fanya mambo mawili ndani ya wiki hiyo hiyo. Omba nakala ya maombi, au angalau muhtasari wake, ofisi za EWURA au za mamlaka, na usiridhike na karatasi moja ya bei za zamani na mpya. Kisha tafuta ripoti ya EWURA ya utendaji wa mamlaka za maji, ambayo hutolewa kila mwaka. Ndani yake kila mamlaka imepangwa na takwimu zake: maji yaliyozalishwa, yaliyouzwa, yaliyopotea, saa za huduma kwa siku, makusanyo. Chukua za Morogoro za miaka mitatu mfululizo na uziandike kwenye karatasi moja. Mtu mwenye karatasi hiyo mkononi ana nguvu ukumbini kuliko watu hamsini wenye hasira.

Tarakimu ya kuitazama kwa jicho kali ni ya upotevu wa maji. Hiyo ni tofauti kati ya maji yaliyotoka mtamboni na yale yaliyoingia kwenye ankara. Yanapotea kwa mabomba yaliyopasuka, kwa mita mbovu zinazosoma pungufu, na kwa waliojiunganishia kienyeji. Kiwango ambacho EWURA inakikubali ni asilimia 20. Kwa wastani wa nchi, zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa hayalipiwi.

Tuone uzito wake kwa hesabu ya mfano. Chukua mamlaka inayotumia shilingi 100,000 kuzalisha uniti 100. Uniti moja ni lita 1,000. Ikipoteza asilimia 35, inabaki na uniti 65 za kuuza, na ili irudishe gharama tu inabidi kila uniti iuzwe shilingi 1,538. Ikipunguza upotevu ufike asilimia 20, inauza uniti 80, na bei inayorudisha gharama ni shilingi 1,250. Tofauti ni shilingi 288 kwa uniti, na hakuna tone moja jipya lililotafutwa mlimani. Kwa hiyo mamlaka ikiomba ongezeko la shilingi 300, una haki ya kuuliza: katika hizo 300, ngapi ni gharama halisi iliyopanda, na ngapi ni maji yanayomwagika barabarani ambayo tunalipishwa sisi tuliounganishiwa kihalali?

Usiulize kwa kutuhumu. Upotevu haupungui kwa kukaripiana, unapungua kwa fedha za kubadilisha mabomba na mita, na hapo ndipo ongezeko la bei linapopata uhalali. Mji wa Phnom Penh, Kambodia, ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993. Chini ya mkurugenzi Ek Sonn Chan wakaweka mita kila mahali, wakabadilisha mabomba, wakafuata madeni hadi kwa wakubwa, na upotevu ukashuka hadi karibu asilimia 6. Bei ilipandishwa pia, kwa hatua. Zilipangwa hatua tatu, lakini ya tatu haikutekelezwa, kwa kuwa makusanyo yalikuwa yameshatosha. Mfano huo uubebe ukumbini.

Kabla hujazungumzia mita za wengine, jua yako inasema nini. Mita nyingi za majumbani zina tarakimu nyeusi zinazohesabu uniti na nyekundu zinazohesabu vipande vya uniti. Funga koki zote nyumbani, pamoja na ya tangi, kisha kodolea kile kigurudumu kidogo au mshale wake. Ukizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna mvujo kati ya mita na koki zako, mara nyingi kwenye tangi la choo au kwenye bomba lililopita chini ya sakafu, na huo ni wa kwako kuziba. Usipozunguka, pima usahihi. Andika namba zote, jaza ndoo za lita 20 tano hadi kwenye alama, kisha soma tena. Lita 100 ni sehemu ya kumi ya uniti, kwa hiyo tarakimu nyekundu ya kwanza itakuwa imesogea hatua moja. Ikisogea zaidi ya hapo, rudia kipimo siku nyingine, kisha andika barua ya kuomba mita ikapimwe, ukiambatisha namba ulizosoma.

Watu wa maeneo yenye mgao wana malalamiko mengine: maji yakirudi, kwanza bomba linapuliza upepo na mita inazunguka. Hili husemwa sana mikutanoni na mara nyingi linapita kwa sababu msemaji hana ushahidi. Tundika daftari karibu na mita. Andika tarehe, saa maji yalipofika, saa yalipokatika, na namba ya mita kabla na baada ya upepo kuisha. Fanya hivyo kwa miezi miwili na umshawishi jirani wa juu na wa chini wafanye vilevile. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maji ni mali. Daftari za nyumba tatu za mtaa mmoja zinaonyesha mgao ulivyo kwa uhakika kuliko ratiba yoyote iliyobandikwa, tena zinajibu swali ambalo EWURA yenyewe hulipima, saa za huduma kwa siku.

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza wengi kimyakimya, nalo ni nyumba za kupanga. Mamlaka nyingi nchini hupanga bei ya majumbani kwa ngazi: uniti za mwanzo kwa bei ya chini, zinazofuata kwa bei ya juu. Nia ni njema, asiye na kitu apate maji ya lazima kwa unafuu na anayemwagilia bustani alipe zaidi. Ila nenda Mwembesongo, Mji Mpya au Chamwino, ukaone vyumba sita, familia sita, mita moja. Tuseme, kwa mfano, uniti 5 za mwanzo ni shilingi 1,200 na zinazozidi hapo ni shilingi 1,700, na kila familia inatumia uniti 4. Kila moja ingekuwa na mita yake, ingelipa shilingi 4,800, na sita kwa pamoja 28,800. Kwa mita moja nyumba inasoma uniti 24. Tano zinalipiwa 6,000, na kumi na tisa zilizobaki zinalipiwa 32,300. Jumla 38,300. Familia hizo zimelipishwa shilingi 9,500 zaidi kwa mwezi kwa kosa la kuishi pamoja, na mfumo uliotungwa kumlinda mnyonge umemgeukia.

Kama maombi yanayokuja yana ngazi, hili ni la kusemea hata kama wewe una nyumba yako. Pendekeza kwamba nyumba yenye wapangaji, ikithibitishwa na mwenyekiti wa mtaa, ihesabiwe uniti za bei ya chini kulingana na idadi ya kaya. Kama hilo ni zito kwa mamlaka, basi gharama ya kufunga mita ndogo kwa kila kaya ilipwe kidogo kidogo kupitia ankara. Nawe mwenye nyumba unayekusanya fedha ya maji kwa kichwa, wabandikie wapangaji wako ankara ukutani kila mwezi. Ugomvi mwingi wa uani utakwisha hapo.

Mtu anayenunua kwa ndoo anahitaji hesabu yake pia, na mara nyingi hayupo ukumbini kuisema. Ndoo 50 za lita 20 ni uniti moja. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, muuzaji anapokea shilingi 2,500 kwa uniti. Ikiuzwa 100, ni 5,000. Familia inayotumia uniti 10 kwa mwezi ingelipa kati ya 25,000 na 50,000 kwa ndoo, na bado kuna mgongo wa mtoto au tozo ya mwenye mkokoteni. Sasa linganisha na ongezeko la mfano la shilingi 300 kwa uniti: kwa mwenye bomba anayetumia uniti hizo hizo 10 ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Sisemi 3,000 ni fedha ndogo. Nasema ongezeko hilo likitumika kweli kupeleka bomba kwa mnunua ndoo wa Lukobe, yeye ataokoa mara nyingi zaidi ya kile ambacho mwenye bomba ameongeza, na mtu mwenye haki anaweza kulikubali. Lisipotumika hivyo, ni wenye mabomba wameongezewa mzigo na wanunua ndoo wameachwa palepale. Kwa hiyo taka mambo mawili kwa ajili yao: bei ya kwenye magati ya kuchotea maji iandikwe kwa ndoo, kwa shilingi, na ibandikwe kwenye gati lenyewe, na orodha ya mitaa itakayofikiwa na mtandao itajwe kwa majina.

Uliza na madeni. Taasisi zinazotumia maji na kuchelewa kulipa zimekuwa tatizo la mamlaka nyingi za maji nchini, na kila deni lisilolipwa linasukuma bei ya anayelipa. Omba jumla ya madeni ya taasisi na umri wake, na uliza ni ngapi zimefungiwa mita za malipo ya kabla.

Kuna hoja nyingine ambayo naiona inastahili kusikika Morogoro: nani alipie bomba litakalodumu nusu karne? Ukiliweka lote kwenye bei ya miaka mitatu ijayo, unamlipisha mkazi wa leo maji ya wajukuu. Tanga walitafuta njia. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Fedha inajenga sasa, wateja wanarejesha taratibu. Riba hiyo si ndogo, na mamlaka isiyokusanya vizuri haiwezi kuthubutu. Lakini ni swali halali kumuuliza mkurugenzi: kwa kazi hii kubwa, mmepima kukopa kwa muda mrefu badala ya kupandisha kwa mkupuo?

Mkupuo ni hatari. Cochabamba, Bolivia, bei zilipandishwa sana kabla watu hawajaona huduma kubadilika, na mwaka 2000 mji ukalipuka kwa maandamano hadi mkataba wa kampuni ya maji ukavunjwa. Hatua ndogo zilizofungwa kwenye matokeo ni salama kwa pande zote mbili.

Na mlima usisahauliwe. Maji ya mji huu yanatunzwa na mkulima wa mteremkoni, ambaye pengine hana bomba kabisa. Wakoloni walijaribu kumlazimisha achimbe matuta katika mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, na mwaka 1955 Waluguru wakagoma kwa nguvu, Matombo ikawaka, mpango ukafa. Nusu karne baadaye, kuanzia 2006, CARE na WWF walijaribu njia tofauti upande wa Kibungo Juu: watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar es Salaam, na kampuni ya Coca-Cola, walichangia malipo kwa wakulima wanaotengeneza matuta na kupanda miti kwenye vyanzo vya Mto Ruvu. Wakulima walikubali kwa hiari kile ambacho babu zao walikikataa walipolazimishwa. Upande wetu wa Ngerengere unastahili kitu cha namna hiyo, kwa kushirikiana na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa mjini. Mafungu ya hifadhi ya chanzo ni ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Ndiyo maana yaandikwe kama sharti.

Ukishakusanya yote haya, andika. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, na ipelekwe kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa kwenye tangazo, kisha uende nayo ukumbini. Kiini chake kinaweza kusomeka hivi:

"Mimi ni mteja wa mtaa wa … Sipingi marekebisho ya bei, naomba yaambatane na masharti yafuatayo. Moja, ongezeko litolewe kwa hatua, na la mwaka wa pili lisianze mpaka EWURA ithibitishe kwamba lengo la kupunguza upotevu wa maji la mwaka wa kwanza limefikiwa. Mbili, sehemu ya mapato itakayopatikana kutokana na ongezeko itengwe kwenye akaunti yake kwa ajili ya kubadilisha mabomba na mita, na orodha ya mitaa pamoja na urefu wa bomba litakalobadilishwa kila mwaka iambatishwe kwenye amri. Tatu, nyumba za wapangaji wenye mita moja zihesabiwe kwa idadi ya kaya. Nne, bei ya ndoo kwenye magati ibandikwe. Tano, litengwe fungu la kutunza vyanzo vya Ngerengere na Mto Morogoro. Sita, kila baada ya miezi sita taarifa ya utekelezaji ibandikwe kwenye ofisi za kata."

Mahali pa nukta weka mtaa wako. Ongeza la kwenu: bomba linalopasuka kila mwaka, na lipo karibu na nyumba ya nani au kibanda gani. Ambatisha nakala za ankara na kurasa za daftari.

Ukumbini utapewa dakika chache. Usizimalizie kwenye salamu. Taja jina na mtaa, sema tarakimu moja, sema sharti moja, keti. Mkiwa kumi mnaotoka mtaa mmoja, gawaneni masharti kila mtu na lake, kwa kuwa maoni kumi yanayofanana huandikwa kwenye mstari mmoja wa ripoti. Mapema kabla ya siku hiyo, wasiliana na EWURA CCC. Baraza hilo linazungumza kwa niaba ya watumiaji na huwasilisha hoja zake rasmi, na mtu mwenye takwimu za mtaani anawasaidia kazi yao. Mpe na diwani nakala, hata kama hamko chama kimoja.

Amri ikitoka huchapishwa, na ni waraka wa umma. Tafuta nakala, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya masharti, uone kilichoingia na kilichoachwa. Anayeona amri imekosea kisheria anaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani, lakini hiyo ni njia ya wenye mawakili. Njia ya kila mtu ni kuitoa fotokopi, kuibandika ofisi ya mtaa, na kuweka alama ya tarehe ambayo bomba la mtaa wenu linatakiwa kuwa limebadilishwa. Wiki ya Maji huadhimishwa kila mwaka kuanzia Machi 16 hadi 22, viongozi wote wa sekta wakiwa majukwaani. Ni wakati mzuri wa kuuliza sharti namba mbili limefika wapi.

Mkutano wa taftishi hauna kiingilio, hauhitaji kadi ya mwaliko, na asiye na bomba ana haki ya kuzungumza sawa na mwenye kiwanda. Tangazo linaweza kutoka mwezi wowote na siku za kutuma maoni huwa chache. Usingoje litoke: daftari la mita lianze leo jioni, na mpangaji mwenzako umwambie aandike lake.